Dhahabu Iko Geita, Kopo la Rangi Liko Kamanga

Ndugu msomaji, leo naomba tuiweke siasa pembeni kidogo, tuzungumze kuhusu fremu ya picha. Usicheke. Mwisho wa safari utaona kwamba siasa haikwenda mbali.

Ukipanda kivuko pale Mwanza mjini ukavuka ghuba, unashukia Kamanga. Ukiendelea na barabara utafika Sengerema, na mbele zaidi Geita, ambako mgodi mkubwa umekuwa ukitoa dhahabu tangu mwaka 2000. Pale Kamanga ana karakana yake mjomba wangu, seremala. Anatengeneza vitanda, makabati, fremu na, msiba ukitokea, majeneza. Miaka miwili iliyopita nilimpelekea picha ya marehemu bibi, yaani mama yake mzazi, aiwekee fremu yenye nakshi ya dhahabu. Ilipendeza kweli kweli. Leo fremu hiyo ina rangi ya sufuria iliyoungua, na kwenye kona imeanza kuota ukijani.

"Shikamoo mjomba. Mbona dhahabu yako imeoza?" nilimuuliza.

"Marahaba. Dhahabu gani, mjomba? Ile ilikuwa ya kopo!"

Nikacheka, lakini moyoni sikucheka. Dhahabu haiozi, haishiki kutu wala haibadiliki rangi. Tunachonunua dukani kwa jina la "rangi ya dhahabu" mara nyingi ni unga wa shaba iliyochanganywa na zinki, ukakorogwa kwenye vanishi. Shaba ikikutana na hewa na unyevu, inapoteza ung'avu wake. Zipo pia karatasi nyembamba zinazometameta kama dhahabu, nazo nyingi ni mchanganyiko huo huo. Si vibaya kuzitumia, ila ujue unanunua nini, na uzipake vanishi juu ili zidumu.

Sasa mtu atasema: "Wewe mwandishi wa habari, mshahara wako tunaujua. Dhahabu halisi kwenye fremu utaiweza?" Swali zuri. Tupige hesabu. Dhahabu inakubali kufuliwa kuliko metali nyingine yoyote. Fundi anaigonga kwa nyundo mpaka inakuwa utando wenye unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya maikroni, yaani milimita moja ukiigawa mara elfu kumi. Kwa unene huo, gramu moja inatandaza karibu nusu mita ya mraba. Fremu ya bibi, kwa picha ya sentimita 40 kwa 50 na ubao wenye upana wa sentimita 5, ina uso wa sentimita za mraba 1,000. Inahitaji kama moja ya tano ya gramu. Weka na za kupotea, iwe robo gramu. Chukua bei ya gramu ya leo uigawe kwa nne, halafu uniambie kama hujawahi kutumia fedha hiyo kwenye kitu ambacho mwaka uliofuata hakikuwepo.

Na vifaa? Vingi viko mtaani kwetu. Unahitaji msasa, chaki iliyosagwa na gundi ya kuziba vinyweleo vya mbao, na brashi mbili: moja ya kazi na nyingine ya manyoya laini sana. Unahitaji rangi nyekundu ya udongo ya kutanguliza chini ili dhahabu ionekane na joto, kisha gundi maalumu ya mafuta, pamba na kisu kisicho na mikwaruzo. Unalainisha ubao mpaka uteleze kama kioo, unapaka rangi, unapaka gundi, unasubiri. Kidole kikigusa kikasikia mnato bila kuondoka na gundi, wakati umefika. Zima feni, funga dirisha, hata pumzi yako ipunguze, maana utando ule unapeperuka kwa kupumua tu. Unautandaza, unaukandamiza kwa pamba, unapangusa mabaki. Kazi ya sebuleni kabisa. Kinachokosekana Kamanga ni kitu kimoja tu: utando wenyewe wa dhahabu!

Hapo ndipo ninapokereka. Mwaka 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu Geita. Mwaka 2021 kilizinduliwa kiwanda cha kusafisha dhahabu hapa hapa Mwanza. Ni hatua nzuri, napongeza. Lakini baada ya kusafisha, je? Tunaitazama dhahabu kama kitu cha kupimwa, kutozwa kodi na kusafirishwa. Ufundi wa kuitumia tumewaachia wengine, tukabaki na masonara wachache wa pete na hereni.

Kuna watakaosema huu ni utamaduni wa Wazungu. Hapana. Kifaru mdogo wa Mapungubwe, Afrika Kusini, aliyetengenezwa kwenye karne ya 13, alikuwa sanamu ya mbao iliyovikwa bati jembamba la dhahabu. Kule Ghana, fimbo za wasemaji wa machifu wa Waashanti huchongwa kwa mbao na kuvikwa utando wa dhahabu. Kampuni inayoendesha mgodi wa Geita inaitwa AngloGold Ashanti. Jina la watu hao tunalisoma kwenye kibao cha mgodi, ufundi wao hatuujui!

Wala haihitaji kiwanda kikubwa. Kule Mandalay, Myanmar, vijana huigonga dhahabu kwa nyundo na misuli yao. Ulaya, mafundi wa zamani waliifulia katikati ya ngozi nyembamba iliyotolewa kwenye utumbo wa ng'ombe. Utumbo wa ng'ombe, ndugu yangu! Usukumani tutakosa utumbo wa ng'ombe? VETA na SIDO wakiwakutanisha sonara mmoja na vijana watano, mafunzo yanaweza kuanza.

Onyo moja, na hili sitanii. Ipo njia nyingine ya zamani: kuchanganya dhahabu na zebaki, kupaka kwenye chuma au shaba, kisha kuchoma zebaki iondoke. Mvuke wake uliwaua na kuwalemaza mafundi wengi wa Ulaya. Ni zebaki ile ile ambayo baadhi ya wachimbaji wadogo wa kanda yetu huichoma kwenye makarai, wakati mwingine uani kwao, watoto wakiwa pembeni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulipitishwa kwa sababu ya sumu hiyo. Mtu akikwambia anakupakia dhahabu kwa zebaki, mkimbie. Fremu haina thamani ya mapafu na ubongo wa mtu.

Mjomba ameniambia siku nikimletea utando halisi, ataitengeneza upya fremu ya mama yake bila kunidai hata senti. Nimeanza kuweka akiba ya robo gramu. Gramu yenyewe naweza kuipata hapa hapa Kanda ya Ziwa. Wa kunigongea nyundo ndiye nisiyemjua.

Tafakari, msomaji. Kama fundi huyo yuko Mwanza, nionyesheni. Kama hayuko, tuulizane kwa nini.