Kuwafunga abiria hakutoshi

Mwandishi wa makala yenu kuhusu wahamiaji wa Ethiopia ameeleza vizuri doria za mpakani, lakini suala la uchumi ameligusa juu juu. Vijana wengi wa Ethiopia wanaokamatwa hapa Tanzania wakielekea Afrika Kusini wanatoka kusini mwa nchi yao, hasa Hadiya na Kembata. Huko watu wamesongamana. Shamba la baba likigawanywa kwa wana, kila mmoja hubaki na kipande kisichomlisha. Jirani aliyefungua duka Johannesburg anatuma fedha, nyumba mpya inasimama, na familia ya pili inauza ng'ombe na kukopa ili imlipe wakala wa kusafirisha watu kimagendo. Ndiyo maana anayerudishwa hujaribu tena: deni linamsubiri nyumbani.

Safari yenyewe inaua. Mwaka 2012 Waethiopia zaidi ya 40 walikutwa wamekufa mkoani Dodoma baada ya kubanwa ndani ya lori. Mwaka 2020 wengine 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena Tete, Msumbiji. Inaniuma kuona wanaojaa magerezani ni abiria hawa, si mawakala. Zifuatwe fedha za mawakala! Afrika Kusini nayo itoe vibali vya kazi vya muda, vya bei ambayo mkulima anaimudu, na mikopo ya vijana ifike Hosaena kwenyewe, mjini kwao Hadiya, kabla ng'ombe hajauzwa.