Keti kwanza, uhesabu gharama

Katika Luka 14:28 Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla ya msingi, huketi akapiga hesabu. Mwanao anayetaka kusoma saikolojia kwa mkopo naye aketi. Akiajiriwa, Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Kwenye Sh700,000, hiyo ni Sh105,000. Kodi ya nyumba na nauli je?

Simwambii auache wito; waliovunjika moyo ni wengi. Lakini sisi kanisani, tunaomwita mshauri kila ndoa inapoyumba kisha tukamwambia tu "Mungu akubariki", nasi tuhesabu. Shukrani ya mdomo hailipi deni. Jumapili njema.