Ruta ya Bei Kubwa Haifanyi Kompyuta Kuukuu Kuwa Mpya



Kuna jambo linaniumiza. Mtu ananunua kompyuta iliyotumika ili aweke hesabu za duka au za kikundi, kisha anachota pesa ya mbolea kununua ruta ya bei kubwa kwa sababu ameambiwa "ina kasi". Akifika nyumbani, kompyuta haiioni kabisa ile 5 GHz aliyoilipia.

Msimamo wangu: nunua ruta ya kawaida, chenji iweke kwenye betri.

Kompyuta nyingi za zamani hupokea WiFi ya 2.4 GHz tu. Hakikisha ruta inayo, na pia ina tundu la waya wa mtandao, maana kompyuta ya mezani isiyo na WiFi itaingia intaneti kwa waya. WiFi ikionekana lakini ikakataa kuunganisha, weka ulinzi wa WPA2 badala ya WPA3. Nenosiri usiliondoe.

Sasa umeme. Soma adapta. Ikiandikwa 12V 1A, ruta haitazidi wati 12. Wenye sola wengi huwasha inveta kwa kitu kidogo hivyo. Inveta inapandisha volti 12 za betri hadi 230, halafu adapta inazishusha tena hadi 12. Ni sawa na kupeleka mahindi mjini kusaga wakati mashine ipo kijijini. Na inveta yenyewe inakula umeme.

Ruta ya volti 12 inaweza kulishwa na betri bila inveta. Lakini betri ikiwa inachaji hupita volti 14, hivyo weka katikati kifaa kinachotoa volti 12 muda wote, pamoja na fyuzi. Mimi niliunguza ruta kwa kugeuza chanya na hasi. Fundi apime kwanza. Ruta ya volti 9 au 5 usiipe 12.

Piga hesabu: wati 12 kwa saa 10 ni wati-saa 120. Betri ya 12V 20Ah ina 240, na betri ya asidi haifai kushuka chini ya nusu. Basi hiyo inatosha siku nzima ya biashara.

Hatununui mbegu kabla ya kuujua udongo. Kabla ya kwenda dukani, ijue kwanza kompyuta yako na betri yako.