LAGA YA BEI NAFUU KUTOKA KIWANDA KIDOGO: INANYWEKA, ILA SOMA LEBO

Tangu tumalize ule mfululizo wa presha na chumvi, ujumbe mnaonitumia umekuwa wa swali moja: "Nesi, hizi bia za viwanda vidogo ni salama? Na kweli ni bora kuliko hizi zetu?" Siwezi kuisema bia nisiyoionja, kwa hiyo nimeionja. Ndiyo, nesi anakunywa bia. Akiwa zamuni hapana. Tuendelee.

Niliyoonja ni laga ya kiwanda kimoja kidogo cha hapa Dar. Jina silitaji, maana kesho mtu atasema ukurasa huu umegeuka tangazo la pombe. Chupa ni ya mililita 330, kilevi asilimia 4.5, na bei ni sawasawa na chupa ya nusu lita ya kawaida pale baa.

Nianze na usalama. Bia, iwe ya kiwanda kikubwa au kidogo, kimea chake huchemshwa kabla ya kutiwa hamira. Baada ya hapo kuna kilevi, kuna uchachu na kuna hopsi, na vyote hivyo havipatani na vijidudu vinavyotuletea wagonjwa wa kuhara. Ikiharibika itakuwa mbaya mdomoni, lakini ni nadra ikulaze wodini. Msiichanganye na gongo. Gongo hukenekwa, na aliyekosea au aliyeongeza kemikali ili iwe kali anaweza kukuuzia methanoli, ambayo mwili huigeuza kuwa asidi inayoua mshipa wa macho. Bia haina shida hiyo. Tazama alama ya TBS, tazama stempu ya kodi na tarehe ya mwisho, basi.

Sasa ladha. Rangi ya dhahabu, safi, unaona vidole vyako upande wa pili wa glasi. Povu linakaa. Harufu ni ya mkate uliotoka tanuri muda si mrefu, uchungu upo kidogo mwishoni, halafu koo linabaki kavu na unataka funda jingine. Hakuna maembe, hakuna kahawa, hakuna mbwembwe. Kuna watu wameiponda kwa hilo, eti kiwanda kidogo kinatengenezaje bia "ya kawaida"? Hapo nawapinga kabisa.

Laga nyepesi ndiyo bia ngumu kuliko zote kuitengeneza vizuri. Hamira yake hufanya kazi kwenye ubaridi, nyuzi 8 hadi 13 hivi, polepole, kisha bia inalazwa kwenye baridi kali zaidi kwa wiki kadhaa. Hata hilo neno laga limetoka kwenye Kijerumani, maana yake kuhifadhi. Kwa mwenye matangi manne, kila wiki bia inapolala ni pesa iliyolala. Ndiyo maana wengi wao hukimbilia zile bia nzito zinazoiva haraka na kuwekewa hopsi nyingi. Hopsi nyingi zinaficha dhambi, bana. Kwenye laga hakuna pa kujificha. Ikinukia siagi, haikulala vya kutosha. Ikinukia mahindi ya kuchemsha, kuna jambo halikwenda sawa kwenye kuchemsha kimea. Ikiwa na ladha ya karatasi ya boksi, imezeeka au imepata hewa.

Mimi niliacha nusu glasi mezani mpaka ikapoa ubaridi wake, kwa sababu baridi kali inafisha ulimi. Wale wazee wanaoagiza "ya moto" na vijana wanawacheka, kwa kweli ndio majaji wazuri zaidi pale kaunta. Hii ilivumilia: siagi hakuna, mahindi hakuna. Mtengenezaji anajua kazi yake.

Bei. Wanaosema ni ghali wana hesabu sahihi: kwa pesa ile ile unapata mililita 330 badala ya 500, yaani kila funda umelilipia mara moja na nusu. Kuiita "nafuu" ni kuilinganisha na ndugu zake wa viwanda vidogo, siyo na kreti ya mtaani. Lakini nipige na hesabu yangu ya kinesi. Chupa hii ina takriban gramu 12 za kilevi. Nusu lita ya asilimia 5 ina karibu gramu 20. Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, na halina gia ya pili. Kahawa, supu ya pweza na kuoga maji baridi haviliongezei kasi. Ukinywa mbili za hizi umebeba 24, ukinywa mbili za zile 40. Hapo udogo wa chupa naupenda.

Kinachonisumbua ni hili neno "nyepesi". Watu wanalisikia wanadhani kilevi ni kidogo. Wepesi ni wa mdomoni. Asilimia 4.5 ni ile ile ya bia nyingi unazozijua, tofauti ni kwamba hii inateremka bila kukuchelewesha, na ya tatu inafika kabla ya kwanza haijakupanda. Dereva wa bodaboda anajua ninachosema, na sisi wa zamu ya usiku Jumamosi tunakijua zaidi. Na uwepesi huo haumhusu mjamzito, aliye kwenye dozi ya metronidazole, wala mgonjwa wa kisukari anayemeza glibenclamide, ambaye sukari inaweza kumshuka usingizini wenzake wakidhani kalewa tu. Kwa hao jibu langu ni soda maji.

Kwa wengine, nunua. Mimi nitainunua tena, mbili, na ndizi za kuchoma. Ila kiwanda kiniskie: lebo yenu ina picha nzuri ya jahazi, ina machweo, ina mnazi, na ile asilimia ya kilevi mmeiandika ubavuni kwa herufi ambazo nimezisoma kwa tochi ya simu. Ihamishieni mbele, chini ya jahazi. Nafasi ipo.