Haki Isomwe Barabarani au Kituoni?

Katika sinema za Marekani, pingu hazijakaza vizuri afisa ameshaanza kukariri: una haki ya kunyamaza. Wengi tumeamini kwamba ndivyo sheria yao inavyotaka. Sivyo. Hukumu ya Miranda dhidi ya Arizona, iliyotolewa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 1966, haimlazimishi polisi kusoma onyo anapokamata. Wajibu huo unakuja pale mtu yuko mikononi mwa polisi na polisi wanataka kumhoji. Asipohojiwa, anaweza kulala rumande bila kusomewa onyo hilo, na Miranda isiwe imekiukwa.

Kenya ilikata shauri tofauti. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka anayekamatwa aelezwe bila kukawia, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa, kwamba ana haki ya kunyamaza, na yatakayomfika asiponyamaza. Hapo hapatajwi mahojiano.

Kenya ndiyo iliyolenga penyewe, kwa sababu maswali ya polisi hayangoji meza na karatasi. Huanzia garini, pale afande anapouliza kwa upole, "Jana ulikuwa na nani?" na mshukiwa, akidhani maelezo yatamwokoa, anamwaga yote. Ni kweli kwamba ungamo halipokelewi kortini hivi hivi: sheria inataka litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiye mpelelezi wa kesi hiyo, na mtu aliyechaguliwa na mshukiwa awepo. Lakini hata maneno ya garini yasipofika kortini, polisi wameshajua waende kubisha mlango wa nani.

Kuna sababu nyingine, nzito zaidi. Kifungu hicho hicho kinakataza kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Sasa mtu aliyeambiwa "twende, utajua mbele" atajuaje kama kosa lake ni la aina hiyo? Asiyejua anatuhumiwa nini hawezi kudai dhamana, wala hana la maana la kumwambia ndugu yake kwa simu. Hofu ya namna hiyo ndiyo inayowafanya watu watafute noti mfukoni kabla gari halijafika kituoni.

Polisi wana hoja yao. Ukamataji una vurugu. Mtu anapigana, umati unazidi, pengine kuna silaha. Hata Marekani, katika kesi ya Quarles ya mwaka 1984, mahakama ilikubali kwamba afisa aliweza kuuliza ilipo bunduki kabla ya kusoma onyo, kwa usalama wa umma. Lakini "bila kukawia" hakumaanishi katikati ya purukushani. Kunamaanisha vurugu ikishatulia, na kabla ya swali la kwanza. Maelezo yenyewe hayamalizi dakika moja.

Hata hivyo, katika jambo moja Miranda imetupita. Onyo la Marekani linamtaja wakili, pamoja na wakili wa bure kwa asiye na uwezo. Kifungu cha 49 kinatoa haki ya kuwasiliana na wakili, lakini hakiitaji haki hiyo katika orodha ya mambo ambayo aliyekamatwa lazima aelezwe papo hapo. Anayeijua ataidai, asiyeijua, ambaye ndiye anayemhitaji wakili zaidi, anaweza kuikosa.

Kilichobaki ni ushahidi. Leo ubishi huishia kwa afisa kusema "nilimwambia" na mshukiwa kusema "hakuniambia". Kitabu cha matukio kituoni kingepaswa kuwa na safu ya kuonyesha saa mshukiwa alipoelezwa, lugha iliyotumika, na sahihi yake. Safu hiyo ikiwa tupu, mahakama ichukulie kwamba hakuelezwa, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo iwe ya upande wa mashtaka. Katiba tayari inaitaka mahakama ikatae ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki iwapo kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki. Ushahidi ukianza kutupwa kwa sababu ya safu tupu, maafisa watajifunza kuijaza.