Usitupe Rimoti, Shika Adabu

Wiki jana niliposti kwamba nimepeleka rimoti kwa fundi. Aisee, nilichekwa! "Kwani umefilisika?" "Rimoti ni mia mbili hamsini, si ununue ingine?" Mmoja akanitumia emoji kumi za kicheko, na hajui hata rimoti yenyewe ni ya nani.

Sawa. Leo nawajibu wote pamoja, na mkikasirika kasirikeni.

Rimoti ni ya nyanyangu. Naishi naye hapa Shika Adabu, Likoni, na macho yake siku hizi yanaona vivuli tu. Mnakumbuka analojia ilipozimwa 2015, kila nyumba ikabidi itafute dekoda? Tangu hapo TV moja ina rimoti mbili. Ongeza ya wufa, ni tatu. Mjomba alipokuja likizo kutoka Dubai akamletea rimoti moja ya kufundishwa, akaipanga iendeshe vitu vyote vitatu. Nyanya akaijua kwa vidole. Kitufe kikubwa ni sauti, ukishuka viwili ni chaneli. Taarifa ya habari anajiwekea mwenyewe, haombi mtu.

Halafu vitufe vikaanza kugoma. Unabonyeza mara tano, inashika mara moja. Na mimi, mtu wa kontenti, nikafanya kile kile mnachonishauri: nikavuka feri, nikanunua mjini rimoti mpya ya "kila TV" kwa mia mbili hamsini. Ya zamani nikaitupa kwenye ndoo ya taka.

Haya, mpya ilifanya nini? Aina hiyo ina orodha ya namba ndani. Unatafuta namba ya TV yako, unaiingiza, unaomba Mungu. TV ilikubali. Dekoda ikakataa katakata. Wufa hata usiulize. Vitufe vyote saizi moja, vidogo kama punje za mchele. Wiki ya tatu betri zikaisha, nikabadilisha, kumbe imesahau kila kitu.

Siku moja nikarudi jioni nikamkuta nyanya amekaa mbele ya TV, skrini bluu tupu, rimoti mpya mkononi. Nikamuuliza, "Nyanya, mbona hukuita mtu?"

Akasema, "Mwanangu, nimeita watoto wa jirani mara tatu wiki hii. Sasa naona haya."

Wewe wa emoji, niambie: hiyo haya inalipwa na mia mbili hamsini gani?

Ile ya zamani, kumbe nyanya aliiokota kwenye ndoo usiku ule ule. Aliifunga kwa leso akaiweka chini ya mto. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa sikiza kitu ambacho wengi wetu hatujui. Rimoti ya kufundishwa inajifunza kutoka kwa rimoti ingine. Unaziweka uso kwa uso, unabonyeza kitufe cha ile asili, mpya inanasa ule mwanga usioonekana na kuuweka kichwani. Kwa hivyo ukitupa ya asili, umetupa mwalimu. Kwetu, rimoti za asili za dekoda na wufa zilikufa zamani. Hiyo kuukuu ndiyo peke yake iliyokuwa bado inavijua, na mimi nilikuwa nimeipeleka kwa maganda ya ndizi.

Fundi aliifungua mbele yangu. Chini ya kila kitufe cha mpira kuna doa jeusi la kaboni. Ukibonyeza, doa linagusa ubao na umeme unapita. Mafuta ya vidole, jasho na chumvi ya hewa yetu ya baharini vinatengeneza utando, basi umeme haupiti. Akasafisha kwa pamba na spiriti. Madoa mawili yalikuwa yamelika kabisa, akakata karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akabandika kwa gundi. Springi za betri zilikuwa na kutu ya kijani, akazisugua kwa siki. Nusu saa. Shilingi mia moja. Inashika mara ya kwanza, na haijasahau kitu.

Kabla hujatupa yako, ielekeze kwa kamera ya selfi ya simu yako, bonyeza kitufe. Ukiona taa ya zambarau inawakawaka, iko hai, huenda ni uchafu tu. Usipoona, anza na betri na springi, halafu nenda kwa fundi.

Najua mtasema nini. "Muda ni pesa." Feri ni bure kwa anayetembea kwa miguu, lakini kwenda na kurudi asubuhi nzima kununua rimoti isiyofanya kazi, muda huo ni wa nani? "Mafundi ni waongo." Wako waongo, ndio. Mwambie afungue ukiwa umekaa hapo. "Simu yangu ya Redmi ina rimoti ndani." Hongera. Nyanya ana kabambe.

Na sisemi kila rimoti ni ya kuokolewa. Ubao ukivunjika vipande viwili, nunua mpya. Lakini nunua ya kufundishwa, na uifundishe mapema, ile ya zamani ikiwa bado inapumua.

Msidhani pia bei kubwa itawaokoa. Logitech walikuwa na Harmony, rimoti za kupangwa za bei ya juu kabisa, na 2021 wakatangaza hawatengenezi tena. Kampuni inaamka asubuhi, inaamua, wewe unabaki na ulichonacho. Ndiyo maana kujua kutengeneza si mambo ya watu maskini.

Na sisi wa kontenti tuna kesi. Mimi mwenyewe nimeshatoa video za kufungua maboksi mpaka sikumbuki ngapi. Ya kufungua rimoti kwa bisibisi? Sijawahi hata moja. Tunawafundisha wenzetu kutamani kitu kipya, halafu tunamcheka kijana aliyekaa kibandani na bisibisi yake kana kwamba amekosa kazi. Ile ndiyo kazi. Sheria ya taka ya 2022 inasema mtengenezaji ana jukumu hata bidhaa ikishakuwa taka. Vizuri sana. Lakini betri na ubao unaotupa leo zinaishia Mwakirunge au kwenye mtaro nyuma ya nyumba yako, na mtengenezaji hayuko hapo.

Mtaa wetu unaitwa Shika Adabu. Basi tushike adabu, na vitu vyetu, na mafundi wetu, na wazee wanaovitumia.

Video yangu ijayo ni rimoti, bisibisi na pamba. Wewe uliyenicheka, lete yako. Mia moja ya fundi natoa mimi.