Kosa Halikuwa la Macho ya Mama

Jumapili moja ya likizo, tukiwa Bububu, mama mmoja wa jumuiya alisimama kusoma maombi ya waamini. Alijifunza kusoma ukubwani, na karatasi tulimpa dakika chache tu kabla ya Misa. Ombi la kwanza lilikwenda vizuri. La pili lilianza na neno "Ili", akakwama. Akarudia, akakwama tena, mpaka mwenzake akampokea. Baada ya Misa alitufuata: "Mafrateri, niwieni radhi, macho yangu yamezeeka." Nasi tukamwambia asijali, kana kwamba kweli alikuwa na kosa.

Karatasi ile tuliichapa wenyewe kwa fonti ya Arial, katika steshenari iliyo karibu na kituo cha daladala za 502. Tulipoitazama tena jioni tuliona aibu. Katika Arial, I kubwa na l ndogo zote ni mstari mmoja uliosimama, basi. Neno "Ili" linakuwa vijiti viwili na cha tatu chenye nukta. Sisi tunalisoma kwa mazoea. Anayesoma herufi moja moja hana pa kushika.

Tangu hapo tunajifunza kutofautisha fonti zinazofanana, na wenzetu wanatucheka. Tulianza na Arial na Helvetica. Helvetica ilichorwa Uswisi na Max Miedinger mwaka 1957. Arial ilikuja mwaka 1982, na herufi zake zina upana ule ule. Kwa mbali ni pacha. Lakini tazama mguu wa R: wa Helvetica unashuka wima, wa Arial unakwenda mshazari. Kichwa cha t katika Arial kimekatwa mshazari, katika Helvetica kimekatwa sawasawa. G ya Helvetica ina kijiguu chini upande wa kulia, ya Arial haina. Siku ya kwanza hatukuona kitu. Sasa tunaziona hata kwenye mabango ya barabarani, na si rahisi kuacha.

Wapo wanaosema frateri wa falsafa ana kazi kubwa kuliko hiyo. Hatukubali. Leibniz, katika barua aliyomwandikia Clarke mwaka 1716, anasimulia habari za bwana mmoja katika bustani ya Herrenhausen aliyedhani angepata majani mawili yanayofanana kabisa. Alizunguka bustani nzima asiyapate. Habari hiyo tunaijua vizuri, hata kwenye mtihani tungeieleza, na bado tulimpa mama wa watu karatasi yenye herufi mbili zisizotofautika. Watoto wa jirani wanaokwenda chuoni kusoma Kurani wangeweza kutufundisha. Ba, ta na tha wanazitenganisha kwa nukta tu: moja chini, mbili juu, tatu juu. Hakuna mwalimu wao anayesema nukta ni jambo dogo.

Tulimwendea yule mama kumwambia kwamba kosa lilikuwa letu. Hakuamini, akidhani tunamfariji, mpaka tulipomwonyesha neno lile lile kwa fonti ya Verdana, ambayo I yake kubwa ina kijistari juu na kingine chini. Akalisoma mara moja, akacheka. Kisha akauliza kwa ukali kidogo: "Sasa mbona hamkuandika hivi tangu mwanzo?"